Ngoma Isimeze Neno: Historia Fupi ya Ngoma na Mitambo Katika Kwaya Yetu



Katika jubilei hii tumeona vyema kueleza jinsi ngoma ilivyopata nafasi kanisani, na jinsi tulivyojifunza kuirekodi bila kufunika maneno ya wimbo.

Kwa miaka mingi wamisionari wengi walikataza ngoma ibadani, wakiihusisha na mila za jadi. Mlango ulifunguka polepole. Mwaka 1958, huko Kamina nchini Kongo, Padre Guido Haazen na waimbaji wake waliimba Missa Luba, Misa ya Kilatini yenye mahadhi ya Kikongo na ngoma. Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia iliyotaka muziki wa asili wa mataifa uheshimiwe, ikaruhusu na ala nyingine kwa idhini ya viongozi wa Kanisa. Waasisi wetu waliurithi uhuru huo, na ngoma imekuwa nasi tangu mwanzo.

Kanda yetu ya kwanza ilirekodiwa humu kanisani kwa mikrofoni moja, ngoma ikiwa mbele. Sauti ya kwanza inasikika vizuri, lakini sauti ya nne imezama. Baadhi ya wazee walioimba siku hiyo wamelala katika Bwana, na familia zao hutuomba tuwatafutie sauti zao. Mafundi tuliowapelekea kanda hiyo wametupa jibu moja: ukipunguza besi ili ngoma itulie, na wazee wanapungua pia.

Sababu yake ni hii. Ikwalaiza, ambayo asili ya jina lake ni kazi ya wahandisi wa simu waliotaka sauti ifike sawa na ilivyotoka, huongeza au hupunguza sehemu fulani tu ya sauti. Uzito wa ngoma kubwa hukaa karibu na hezi 60 hadi 100. Kati ya 200 na 400 kuna mvumo kama wa kugonga sanduku. Mlio wa kijiti kikigusa ngozi uko kati ya 2000 na 5000, ambako pia ndiko zinakosikika herufi kama t na k. Sauti za wanaume nazo huanzia karibu hezi 80. Kwa hiyo ngoma na sauti ya nne ni majirani wa ua mmoja, na mikrofoni moja haiwezi kuwatenganisha.

Siku hizi kila ngoma ina mikrofoni yake. Fundi hupunguza ule mvumo wa 300 kwenye ngoma peke yake, na wanaume wanapata nafasi bila kupandishwa. Akitaka ngoma isikike zaidi, huongeza kidogo mlio wa kijiti, akiangalia usifunike maneno. Tumejifunza kwamba kupunguza kunasaidia kuliko kuongeza, na kwamba mpigaji mwenye mkono wa kiasi humpunguzia fundi nusu ya kazi.

Ndiyo maana katika rekodi ya jubilei tumewaomba wazee wetu waliobaki wasimame karibu na mikrofoni, ili wajukuu wao wawasikie. Waliotangulia, Bwana awape pumziko la milele.

Mungu aibariki kwaya yetu.

Katibu wa Kwaya