Saini Iliyofutwa: Sauti ya Serikali Kutoka Baraza la Chifu Hadi Mitandao ya Kijamii

Pale Cheptiret, katika barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, ndipo inapochepuka njia ya kwenda Chuo Kikuu cha Moi. Kwa miaka mingi serikali ilisema na wakazi wa huko kwa baraza la chifu na kwa redio. Msemaji alijulikana. Chifu alivaa sare yake. Na Sauti ya Kenya, iliyoitwa hivyo tangu 1964 hadi 1989, haikumficha mwenyewe. Taarifa ya habari ilianza na Mtukufu Rais, alikokwenda na alilosema, na msikilizaji akajua namna ya kulipima.

Ndivyo ilivyokuwa hata zamani za ukoloni. Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa gazeti la serikali, na msomaji alilinunua akilijua hivyo. Liliusifu utawala, lakini vilevile liliwapa washairi nafasi ambayo hawakuipata kwingine. Propaganda hiyo ilikuwa na saini.

Saini hiyo ndiyo iliyofutwa. Mfano ulio wazi ni wa Uganda. Tarehe 11 Januari 2021, siku tatu kabla ya uchaguzi mkuu, kampuni ya Facebook ilitangaza kuwa imefunga akaunti na kurasa zilizohusishwa na kituo cha mawasiliano ya serikali na wananchi, kilichokuwa chini ya wizara ya habari na teknolojia. Kwa maelezo ya kampuni, akaunti za bandia zilitumika kuendesha kurasa, kujibizana na watu na kusambaza maandishi ili yaonekane yanapendwa kuliko yalivyopendwa. Kesho yake Rais Museveni alitangaza kuufunga mtandao huo. Na usiku wa kuamkia uchaguzi intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa.

Wanaisimu wana la kutazama hapa. Chifu alinena kwa niaba ya serikali, akiwaita wasikilizaji ninyi. Akaunti ya bandia haina budi kusema sisi. Badiliko hilo dogo la nafsi ndilo lililobeba hila yote.

Nchini Kenya mhusika alikuwa chama kilichotawala, wala si wizara. Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha picha zilizopigwa kwa siri, ambamo mkuu mmoja wa Cambridge Analytica alijigamba kuwa kampuni yake iliendesha kampeni za Uhuru Kenyatta za 2013 na 2017. Majigambo ya mfanyabiashara hayana budi kupunguzwa. Lakini Jubilee ilikiri kuiajiri kampuni mama, SCL, ikisema kazi ilikuwa kukijengea chama sura.

Kiswahili kina neno kasumba, ambalo asili yake ni afyuni. Lafaa hapa kuliko propaganda, maana mlevi wa afyuni hajioni kuwa ameongozwa na mtu.

Mei 2018, miezi miwili baada ya picha zile, Kenya ilipata sheria mpya ya uhalifu wa mitandao. Iliweka adhabu kwa mtu atangazaye uongo kwa makusudi. Haikuitaka serikali itie jina lake chini ya maneno yake.