Kalausi na Buru: Hoja Dhidi ya Safari Tulivu ya Mshtarii Moto

Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza sayari inayoizunguka nyota 51 Pegasi kwa siku 4.2 tu. Uzito wake unakaribia nusu ya ule wa Mshtarii, ilhali iko karibu na nyota yake kuliko Utaridi ilivyo karibu na Jua. Mwaka uliofuata yalichapishwa majibu mawili kuhusu jinsi jitu la gesi linavyoweza kufika hapo. Lin, Bodenheimer na Richardson walisema sayari ya namna hiyo huzaliwa mbali, penye baridi, kisha husogezwa ndani taratibu na sahani ya gesi na vumbi iliyoizaa. Rasio na Ford walisema majitu yanayovutana huvurugana hadi moja likarushwa kuelekea nyota kwa njia ndefu ya duaradufu, ambayo baadaye hufupishwa na kuwa duara. Jibu la kwanza limezoeleka kiasi cha kufundishwa kama kanuni. Makala hii inadai kwamba mazoea hayo hayana msingi wa kutosha.

Kuhusu maumbile ya sayari hizi hakuna ugomvi. Zinajulikana kama Mshtarii moto, ni gesi tupu kwa sehemu kubwa, zina joto la zaidi ya nyuzi elfu moja, na hupatikana kwa takriban nyota 1 kati ya kila 100 zinazofanana na Jua. Ugomvi uko kwenye asili yake. Mwaka 2016 Batygin, Bodenheimer na Laughlin waliongeza jibu la tatu: kwamba baadhi yake zilizaliwa palepale zilipo. Nadharia hii inatatua tatizo la safari kwa kuifuta safari yenyewe. Gharama yake ni kutaka kiini kizito, cha uzito wa Dunia kadhaa, kijikusanye mahali ambapo malighafi ni haba, na kiwahi kunyonya gesi kabla sahani haijatawanyika. Hilo si muhali, lakini anayelidai ana deni kubwa la ushahidi.

Ushahidi ninaoutegemea unatoka kwenye nyota HD 83443, iliyo umbali wa takriban miaka-nuru 134. Mwaka 2019, katika kampeni ya Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki, Kenya iliipa nyota hiyo jina la Kalausi, na sayari yake ikaitwa Buru. Buru ni Mshtarii moto halisi: uzito wake hauko chini ya 0.4 ya Mshtarii, nayo huizunguka nyota kwa karibu siku 3, ikiwa umbali wa kilomita milioni 6 hivi. Mwaka 2000 ilitangazwa sayari ya pili yenye mzunguko wa takriban siku 30. Miaka miwili baadaye timu nyingine ikapima na isiione. Kwa muda mrefu Buru ikahesabiwa kuwa mpweke.

Upweke huo uliisha mwaka 2022. Errico na wenzake waliunganisha vipimo vya zaidi ya miongo miwili wakaonyesha jitu jingine, lenye uzito wa takriban Mshtarii 1.5 na mzunguko wa miaka 22. Kipimo cha uduaradufu wa njia yake ni 0.76, ambapo 0 ni duara kamili. Tukitumia umbali wa Dunia hadi Jua kama kizio, sayari hiyo hukaribia nyota hadi 1.9 kisha huenda hadi 14. Katika mfumo wetu ingekuwa inatoka ng'ambo kidogo ya Mirihi na kuvuka hata njia ya Zohali. Sahani ya gesi kwa kawaida hutuliza njia za sayari; njia iliyonyooshwa kiasi hiki ni alama ya ugomvi uliotokea majitu yakikaribiana.

Hesabu ya Buru inakubaliana na picha hiyo. Njia ndefu mno inapofupishwa kuwa duara na nguvu ileile inayoifanya bahari ijae na kupwa, momenta ya mzunguko huhifadhiwa, na umbali wa mwisho huwa takriban mara 2 ya ule wa kukaribia zaidi mwanzoni. Buru basi ingekuwa imepita kilomita milioni 3 kutoka Kalausi. Jitu la uzito wake, likiwa na ukubwa wa Mshtarii, huanza kuraruliwa kwenye kilomita milioni 2 hivi. Ilipita karibu vya kutosha kupunguzwa mwendo, mbali vya kutosha kusalimika.

Litaulizwa: sayari nyepesi iliwezaje kuivuruga iliyo nzito kuliko yenyewe? Swali ni zuri. Katika mvurugano, nyepesi ndiyo huumia zaidi. Kama sayari ya nje ilizaliwa karibu na hapo ilipo leo, basi zote mbili zimepungukiwa momenta, na lazima kuwe na aliyeondoka nayo. Nasoma hapo uwezekano wa jitu la tatu lililotupwa nje kabisa ya mfumo. Hakuna chombo kitakachotuonyesha sayari iliyokwisha kufukuzwa, lakini hesabu inaidai.

Kuna pingamizi zito zaidi. Kama njia ya vurugu ndiyo kuu, tungepaswa kuzikuta sayari nyingi zikiwa bado safarini. Mwaka 2015 Dawson, Murray-Clay na Johnson walizitafuta katika takwimu za darubini ya Kepler wakakuta ni chache kuliko ilivyotarajiwa. Hata hivyo chache si sifuri: HD 80606 b ina uduaradufu wa 0.93, na TIC 241249530 b, iliyotangazwa mwaka 2024, ina 0.94 na huizunguka nyota yake kinyumenyume. Nayo WASP-47, ambayo Mshtarii moto wake una majirani wadogo pande zote mbili, inathibitisha kwamba njia tulivu ipo, maana mvurugano ungewafagia majirani hao. Haithibitishi kwamba ndiyo njia ya kawaida.

Mfumo mmoja hauwezi kuamua asili ya kundi zima, na vipimo vya miongo miwili kama vya Kalausi vipo kwa nyota chache. Lakini mzigo wa ushahidi umehama. Anayetaka kuendelea kufundisha safari tulivu kama kanuni aeleze kwanza ni nini kiliinyoosha njia ya sayari ya nje ya Kalausi bila kuigusa Buru. Hadi hapo, vitabu vyetu viandike njia zote mbili, na ya vurugu itangulie.