Sampuli ya Bure: Taarikhi ya Ada Moja ya Biashara ya Vipodozi

Mwanamke anayesimama mbele ya meza ya kuuzia vipodozi, akapendezewa na mkebe wa poda au kichupa cha mafuta ya uso ambacho bei yake yaweza kuwalisha jamaa zake kwa siku kadhaa, aghalabu huona haya kumwambia muuzaji, "Nipatie kidogo nikajaribu nyumbani." Hudhani kwamba kuomba kitu cha bure katika duka lililopambwa kwa vioo na taa ni kujishusha hadhi, na kwamba muuzaji atamhesabu kuwa mtu asiye na uwezo aliyekuja kupoteza wakati wa watu. Haya hiyo haina msingi. Mwenye kuitazama taarikhi ya biashara hii kwa muda wa zaidi ya karne moja iliyopita atakuta kwamba sampuli ya bure haikubuniwa kuwa sadaka kwa maskini wala takrima kwa matajiri; ilibuniwa na wafanyabiashara wenyewe, wakati walipokuwa wadogo na hawajulikani, ili iwe ushahidi wa yale waliyokuwa wakiyadai juu ya bidhaa zao; na ushahidi, kama wanavyosema mahakimu wetu tangu zama za kale, ni juu ya mwenye kudai.

Tuanze na New York ya miaka ya 1880. Alikuwako huko kijana mmoja, David McConnell, aliyekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba akiuza vitabu, kazi ambayo mlango hufungwa mara nyingi kuliko unavyofunguliwa. Naye, ili apate kusikilizwa, alikuwa akimpa kila bibi aliyemkaribisha kichupa kidogo cha manukato bila ya malipo. Baada ya muda akatambua jambo ambalo mfanyabiashara mwenye kiburi asingelikubali kulitambua, nalo ni kwamba mabibi wale walikuwa wakiyapenda manukato yake kuliko vitabu vyake. Mwaka 1886 akaviacha vitabu, akaanzisha kampuni ya manukato aliyoiita California Perfume Company, ijapokuwa makao yake yalikuwa New York, na kazi ya kuuza akawakabidhi wanawake, ambao wa kwanza wao alikuwa Bibi Persis Albee wa mji wa Winchester katika jimbo la New Hampshire, wakawa wanakwenda kwa majirani zao kuwaonyesha bidhaa na kupokea maagizo. Kampuni hiyo ndiyo iliyobadilishwa jina mwaka 1939 ikaitwa Avon. Basi biashara nzima, iliyokuja kuenea katika nchi nyingi za dunia, ilizaliwa na kile kilichokuwa kikitolewa bure, na wateja wake wa mwanzo walikuwa watu waliokwisha kuipima bidhaa kwa pua zao wenyewe kabla ya kutoa hata senti moja.

Tena bidhaa za namna hii zina tabia yake ya peke yake. Kitambaa mtu hukishika akaujua uzito wake, na nafaka huichota kiganjani akaitazama. Ama mafuta ya uso, hata yakiwa na rangi nzuri na harufu njema, athari yake haijulikani mpaka yamekaa juu ya ngozi ya yule atakayeyatumia, usiku mmoja au juma zima, na ngozi za watu hazifanani, kwani kile kinachomlainisha huyu kinaweza kumtoa vipele yule. Fauka ya hayo, palikuwa na khofu ya haki. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wanawake kadhaa wa Marekani walidhuriwa na rangi ya kope na nyusi iliyokuwa ikiitwa Lash Lure, mmoja wao akapofuka na mwingine akafa, na serikali haikuwa na uwezo wa kuiondoa sokoni, kwa kuwa sheria yao ya mwaka 1906 ilihusu vyakula na madawa, haikuvigusa vipodozi. Vipodozi havikuingizwa katika ulinzi wa sheria mpaka mwaka 1938. Katika hali kama hiyo mnunuzi hakuwa na ngao nyingine ila kujaribu kidogo kwanza, na muuzaji mwaminifu hakuwa na njia nyingine ya kujitenga na walaghai ila kumwachia mnunuzi ajaribu.

Ni katika zama hizo alipotokea mwanamke ambaye jina lake haliwezi kutengwa na habari hii. Estée Lauder, aliyepewa jina la Josephine Esther Mentzer alipozaliwa, alilelewa katika mtaa wa Corona, upande wa Queens huko New York, na wazazi waliohamia kutoka Ulaya, baba yake akiwa na duka la vyuma. Ilimu ya mafuta ya uso aliipata kwa mjomba wake, John Schotz, mkemia aliyekuwa akitengeneza dawa na krimu kwa mikono yake. Katika miaka ya 1930 binti huyo alikuwa akiziuza krimu hizo katika saluni za kutengenezea nywele za mjini New York, mahali ambapo wanawake walikaa muda mrefu chini ya mashine za kukausha nywele bila ya kazi ya kufanya. Alikuwa akiwaendea mmoja mmoja, akiwaomba ruhusa ya kuwapaka krimu, na nywele zilipokwisha kukauka alikuwa akiwamalizia kwa poda na rangi ya mdomo. Na kabla bibi hajaondoka alikuwa akimfungia katika karatasi ya nta poda kidogo, au vipande alivyovikwangua kutoka katika kijiti cha rangi ya mdomo, ili asitoke mikono mitupu.

Inafaa tusimame hapa, kwani kiini cha ada yote kimo katika karatasi ile ya nta. Yule bibi aliyepakwa saluni alikuwa ameuona uso wake katika kioo cha watu wengine, chini ya taa za watu wengine, na maneno matamu ya muuzaji yakiwa masikioni mwake. Ilhali yule aliyefika nyumbani na poda yake kidogo aliweza kuipaka kwa wakati wake, akajitazama kwenye mwanga wa dirisha lake, akamsikiliza dada yake au jirani yake asiyekuwa na faida yoyote katika jambo hilo, kisha akaamua. Sampuli ilimwondoa muuzaji katika chumba cha uamuzi. Mtu asiyeiamini bidhaa yake hathubutu kufanya hivyo.

Mwaka 1946 Estée na mumewe, Joseph Lauder, walianzisha kampuni yao wakiwa na bidhaa nne tu, wakizipika wenyewe katika jiko la uliokuwa mkahawa. Azma yao ilikuwa kuingia Saks Fifth Avenue, duka kubwa lenye idara nyingi na itibari ya juu, lakini aliyekuwa akisimamia ununuzi wa vipodozi hapo akawakatalia kwa hoja ya kwamba hakuna mteja aliyezitaka bidhaa hizo. Kwa masimulizi yake mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1985, alialikwa kusema mbele ya karamu ya hisani katika hoteli ya Waldorf-Astoria, isiyokuwa mbali na duka hilo, akawagawia wageni rangi za mdomo zilizokuwa katika vikasha vya madini, wakati ambapo vikasha vya namna hiyo vilikuwa adimu kwa sababu ya vita vilivyokwisha kupita. Na karamu ilipomalizika wanawake wakatoka msafara mmoja hadi Saks wakiziulizia. Agizo la kwanza lilikuwa la dola 800, nazo bidhaa zikamalizika kwa siku mbili. Msomaji atambue ni nani aliyeufungua mlango ule: si hotuba ya mwenye mali wala barua ya wakala, bali ni wanawake waliokuwa wameonjeshwa, wakaenda dukani wakauliza kwa sauti.

Baada ya hapo Estée na mumewe walikusanya fedha zao zote za matangazo, zipatazo dola 50,000, wakaenda kwa kampuni ya matangazo, wakajibiwa kwamba kiasi hicho ni kidogo mno kuwafanyia jambo lolote la maana. Walichofanya ni kuzigeuza fedha hizo kuwa sampuli na hidaya: wateja wa maduka waliandikiwa kadi za kuwaalika waje wachukue zawadi ndogo, na aliyenunua chochote aliongezewa kitu kingine ambacho hakukijua, ili akijue. Washindani waliiona kazi hiyo kuwa ni upumbavu wa kugawa mali, kisha mmoja baada ya mwingine wakaifuata, hata hidaya kwa mnunuzi ikawa desturi ya meza zote za vipodozi katika maduka makubwa ya Marekani. Kampuni ya Clinique, iliyoanzishwa mwaka 1968 ndani ya nyumba hiyohiyo ya Lauder, ilijulikana kwa misimu yake ya zawadi kiasi cha wateja wengi kuahirisha ununuzi wao mpaka msimu ufike.

Hata hivyo insafu yataka tuseme kwamba hidaya kwa mnunuzi si kitu kimoja na sampuli. Sampuli hutangulia malipo, nayo humsaidia mtu kuamua; hidaya hufuata malipo, nayo aghalabu huwekewa kima ambacho mnunuzi sharti akifikie, hata mtu akajikuta akinunua asichokihitaji ili apewe kile asichokiomba. Ya kwanza humpa mnunuzi nguvu, ya pili yaweza kumnyang'anya. Kadiri kampuni zilivyokuwa kubwa ndivyo zilivyoelekea kuipendelea ya pili, na hapo ndipo haya ya kuomba ilipozidi kuota mizizi, kwa kuwa kilichokuwa dhamana ya muuzaji kiligeuzwa kuwa tuzo ya mwenye kutumia fedha nyingi.

Njia nyingine za kuonjesha ziliendelea kubuniwa. Katika miaka ya 1980 manukato ya Giorgio, kutoka Beverly Hills, yalisambazwa ndani ya majarida katika vipande vya karatasi ambavyo msomaji akivifunua hutoa harufu, ikawa mtu aweza kuyajua manukato hata akiwa mbali na duka lolote. Huko Ufaransa, Dominique Mandonnaud, aliyefungua duka lake la manukato mjini Limoges, aliziondoa bidhaa nyuma ya meza na kuziweka mahali ambapo mteja huzifikia kwa mkono wake. Na mtindo huo, ulioenea zaidi kwa jina la Sephora baada ya kampuni ya LVMH kuyanunua maduka yake mwaka 1997, ukavuka hadi New York mwaka uliofuata. Chupa za kujaribia zikawa wazi kwa kila apitaye, ikawa mtu hujaribu bila ya kumwomba mtu yeyote.

Lakini chupa iliyo wazi kwa wote ina madhara yake. Idara ya Marekani inayosimamia vyakula na madawa imekuwa ikiwatahadharisha watu na vipodozi vya kujaribia vinavyotumiwa na wengi, hasa vya macho na midomo, ikiwashauri angalau watumie pamba mpya isiyoguswa na mwingine. Na maradhi ya korona yalipoenea duniani mwaka 2020, maduka mengi yaliziondoa chupa hizo mezani. Hapo ile karatasi ya nta ya miaka ya 1930 ikadhihirisha hekima yake upya, kwani sampuli ya mtu mmoja, iliyofungwa kwa ajili yake na kutumiwa kwake nyumbani, ni safi kuliko chupa ya wote, na ni ya kweli zaidi.

Liko pia tukio la mahakamani ambalo linafaa kuhifadhiwa katika taarikhi hii. Wanunuzi wa Marekani waliyashitaki maduka makubwa na watengenezaji wa vipodozi kwa madai ya kwamba walikuwa wakishikamana kuzuia bei zisishuke. Washitakiwa walikana kosa, lakini mwaka 2003 wakaafikiana kugawa bure vipodozi vyenye thamani ya dola milioni 175, na baada ya kucheleweshwa na rufaa ugawaji ulianza mnamo Januari 2009. Aliyekuwa amenunua vipodozi vya bei ya juu katika maduka hayo baina ya mwaka 1994 na 2003 alikwenda mezani, akathibitisha kwa kauli yake bila ya kudaiwa stakabadhi, akapewa kitu kimoja. Watu walipanga safu ndefu, na vitu vingi vikamalizika upesi. Katika siku hizo mwanamke aliyeomba alikuwa anadai haki yake kwa amri ya mahakama.

Sisi watu wa pwani tuna cha kuongeza hapa, na si kidogo. Muuza attari wa Mombasa, Unguja au Maskati hamwuzii mtu tola ya mafuta kwa kumsifia tu; huchovya kijiti cha kioo, akamgusa mgongo wa mkono, akamwacha akae kidogo mpaka harufu itulie na kuchanganyika na joto la mwili, na mtu akiondoka bila ya kununua hafuatwi kwa tusi. Na nyuma ya ada hiyo iko sheria, kwani fiqhi ya Kiislamu, iliyotawala bai na shirika katika bandari hizi kwa karne nyingi, imekataza gharari, yaani kuuziana kitu ambacho hali yake haijulikani. Mwenye mali analazimika kukibainisha anachokiuza, na mwenye kununua hana lawama akitaka kukijua.

Kwa hiyo mwenye kusimama mbele ya meza ya vipodozi, iwe ni katika jumba la Nairobi, Dar es Salaam au Dubai, na aseme haja yake kwa murua na ukweli: ngozi yangu ni ya namna hii, kitu hiki sijakitumia, nipatie kidogo nikijaribu. Asidanganye kwamba atanunua ikiwa hana nia, asichukue zaidi ya kile cha kumjulisha, wala asimdharau binti aliyesimama kutwa nzima nyuma ya meza ile, ambaye pengine sehemu ya ujira wake hutokana na mauzo. Lakini akishapewa, asijione kuwa amefungwa deni, kwa sababu hakupewa mkopo. Amepewa ushahidi autazame. Na ikiwa duka lina bidhaa ya kumwomba mtu mshahara wa juma zima, lakini halina tone moja la kumwonjesha, basi aihesabu hiyo kuwa kauli ya mwenye duka juu ya bidhaa yake mwenyewe, aage kwa salama, na fedha zake azibakishe mfukoni.