Waganga nao wana konkordansi yao

Padri anayetayarisha mahubiri juu ya mchungaji mwema hasomi Biblia yote tangu Mwanzo hata Ufunuo kusudi apate mistari inayomfaa. Anafungua konkordansi, anatafuta neno «mchungaji», na mistari yote iko mbele yake. Chombo hiki tulikipata kwa Wadominikani wa Paris. Katika karne ya 13 Hugues de Saint-Cher na ndugu zake wa konventi ya Saint-Jacques walitengeneza konkordansi ya kwanza ya Biblia ya Kilatini. Walisaidiana wengi, kwani mtu mmoja angezeeka mbele ya kuimaliza.

Waganga walichelewa sana kupata chombo kama hicho. Tena wao hawana kitabu kimoja: wana magazeti maelfu, katika lugha nyingi, na kila mwezi yanaongezeka.

Mwaka wa 1860 kijana mmoja wa Marekani, John Shaw Billings, alikuwa akimaliza masomo ya uganga huko Cincinnati. Alitaka kuandika juu ya kupasua wagonjwa wa kifafa: wangapi walipasuliwa, wangapi walipona, wangapi walikufa. Miezi mingi alizunguka katika maktaba, akafungua vitabu kwa mamia, wala hakupata yote. Bidii haikumkosa, wala akili. Njia ndiyo iliyokosekana.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipokwisha mwaka wa 1865, Billings, aliyekuwa mganga wa askari, akapewa kuangalia maktaba ndogo ya Mganga Mkuu wa jeshi huko Washington. Vitabu vilikuwa 2,000 na kitu. Ilibaki fedha ya malopitali ya vita, karibu dola 80,000. Akaruhusiwa kuitumia kwa kununua vitabu. Maktaba ikahamia katika nyumba ya tiatro ya Ford, ile ambamo Rais Lincoln alipigwa risasi.

Kazi yake ilikuwa hivi. Jioni alichukua magazeti nyumbani, akaweka alama kwa kalamu ya risasi penye makala ya maana. Kisha makarani waliandika kila makala juu ya kadi yake: mwandishi, jina la makala, gazeti, mwaka, ukurasa. Kadi zikapangwa, na mwaka wa 1879 yeye na Robert Fletcher, Mwingereza wa Bristol, wakaanza kutoa Index Medicus kila mwezi. Mwaka wa 1880 kikatoka kitabu cha kwanza cha Index-Catalogue. Hata 1895 vilikuwa vimetoka 16, vizito kama misale ya altare. Majina ya makarani wale ni nani anayeyakumbuka? Historia inawasifu waliovumbua dawa, nayo inawasahau walioandika kadi.

Baadaye likaonekana shida la maneno. Mmoja anaandika «malale», mwingine «ugonjwa wa usingizi», wa tatu «trypanosomiasis»: majina matatu, ugonjwa mmoja. Ndiyo sababu mwaka wa 1960 maktaba ile ilitoa orodha ya maneno yaliyokubaliwa, na makala zote tatu zikawekwa chini ya neno moja. Mwaka wa 1964 kompyuta ikashika kazi ya makarani. Mwaka ule ule Eugene Garfield alikuwa akieneza orodha ya namna nyingine, aliyoiga kwa wanasheria: ukishika makala ya zamani, inakuonyesha ni nani waliokuja kuitaja nyuma, kwa kuikubali au kwa kuipinga. Tangu 1997 kila mtu anaweza kutafuta bure katika PubMed, na mwaka wa 2004 Index Medicus ya karatasi ikakoma.

Je, orodha zinaokoa mtu? Mwaka wa 1976 Ebola ilionekana kwetu, Yambuku, kwenye lopitali ya misioni ya Kikatoliki. Watu 280 walikufa, na masista kati yao. Mwaka wa 1982 wataalamu wa Ulaya waliandika, katika gazeti la Institut Pasteur ya Paris, kwamba damu ya watu kadhaa wa Liberia ilikuwa na alama za Ebola, na kwamba nchi ile ihesabiwe kati ya zile za hatari. Mwaka wa 2014 ugonjwa ukaingia Liberia, na wakubwa wa afya hawakuwa na habari ya makala ile. Katika Liberia na nchi mbili jirani walikufa watu zaidi ya 11,000. Mwezi wa Aprili 2015 Bernice Dahn, mganga mkuu wa wizara ya Liberia, na wenzake wawili walieleza jambo hilo katika New York Times: kusoma makala moja ya namna ile kulidai dola 45, karibu mshahara wa nusu juma wa mganga wa kwao.

Basi makala ilikuwako. Mlango ulifungwa kwa fedha, na hakuna aliyejua kwamba nyuma yake kuna kitu. Juu ya fedha, tangu 2002 Shirika la Afya la Ulimwengu na wachapishaji wana mpango unaoitwa Hinari: mashule na malopitali ya nchi maskini yaliyojiandikisha yanasoma magazeti bure au kwa bei ndogo. Juu ya kutafuta, hakuna dawa ila kufundishwa. Mwuguzi anayeandika «homa» tu anapata makala elfu na elfu, anachoka, anafunga mashine. Anayeandika malale, watoto, Kongo, anapata chache, na anaweza kuzisoma mbele ya giza kuingia.