Mwanza na Gharama ya Tofali

Anayetaka kuona Wasukuma walivyojenga kabla ya bati na saruji aende Bujora, karibu na Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Kwenye makumbusho yaliyoanzishwa pale miaka ya 1950 na Padri David Clement zimesimama nyumba za msonge: kuta za miti na udongo, paa la nyasi lililochongoka, mlango mfupi unaomfanya mgeni ainame. Hakuna kilichotoka mbali. Miti, kamba, nyasi na udongo vilifuatwa kwa miguu. Nyumba ikichakaa iliachwa ioze, familia ikajenga nyingine. Ujenzi huo uliwezekana kwa sababu moja kubwa: watu walikuwa wachache na pori lilikuwa pana.

Hali hiyo ilianza kubadilika mapema. Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, bidhaa zikaanza kuvuka Ziwa Victoria kwa meli, na mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikaifikia Mwanza yenyewe. Pamba ikapata njia ya kutoka, bati likapata njia ya kuingia. Miaka ya 1950 vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani viliungana kuwa Victoria Federation of Cooperative Unions, na fedha ya pamba ikaanza kuonekana juu ya nyumba. Leo ni rahisi kulisema vibaya bati kwamba linaleta joto na kelele za mvua. Lakini aliyewahi kuamka usiku kuhamisha watoto na vyombo kwa sababu paa la nyasi linavuja hakuhitaji kushawishiwa na mtu.

Pamba hiyohiyo ilikuwa inakula pori. Mashamba yaliongezeka, mifugo iliongezeka, na serikali ya kikoloni nayo ilifyeka vichaka kwa maeneo makubwa ili kuwaondoa mbung'o. Kufikia uhuru, familia nyingi za Usukumani zilikuwa zinafuata mbali miti ya kujengea, na kuni vilevile.

Mwaka 1977, akipima miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba Watanzania wamelewa saruji na mabati, hata mtu anakataa kujenga kwa tofali la kuchoma na kigae huku akisubiri vitu vya kutoka mbali asivyovimudu. Alikuwa na hoja nzito. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilikuwa kimeanza kazi mwaka 1966, lakini kiko Dar es Salaam, na kila mfuko uliofika Mwanza ulikuwa umesafiri kuvuka nchi. Tofali la kuchoma ni udongo wa hapohapo na mikono ya hapohapo. Ila ndani ya ushauri huo mzuri kulikuwa na gharama isiyoandikwa popote: moto.

Tanuru la kijijini halifichi siri yake. Udongo unachimbwa, unamwagiwa maji, unakanyagwa kwa miguu hadi ulainike, kisha unafyatuliwa kwa kibao cha mbao. Matofali mabichi yanaanikwa chini na kufunikwa nyasi yasipasuke kwa jua. Yakikauka yanapangwa kama nyumba isiyo na vyumba, huku chini yakiachwa matundu ya kupitishia magogo, na pande zote zinasilibwa kwa tope ili joto lisitoroke. Kisha tanuru linawashwa, na moto unalishwa usiku na mchana. Vijiti havitoshi hapa. Yanatakiwa magogo hasa, na mara nyingi ni mwembe uliopunguza kuzaa, au mti wa pori uliobaki kwa kuwa ulikuwa mbali. Juhudi zote hizo zikiisha, matofali ya pembeni bado hutoka mabichi, na mwenye nyumba anajikuta amechoma mti kwa tofali litakaloyeyuka mvua ya kwanza.

Majirani wa Mwanza huko Shinyanga waliuona mwisho wa njia hiyo ya kumaliza miti. Kufikia miaka ya 1980 mkoa huo ulikuwa ukiitwa jangwa la Tanzania. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili, maeneo ambayo Wasukuma tangu zamani waliyatenga kwa malisho ya kiangazi. Kutoka hekta zipatazo 600, ngitili zilienea hadi zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na nguzo na fito za kujengea zikaanza kupatikana tena. Kilicholeta mafanikio ni kwamba ngitili ilikuwa na mwenyewe: familia au kijiji, na sheria zake ndogo ambazo watu walizikubali. Mtaalamu wa misitu alikuja kusaidia tu.

Mjini mambo yalikwenda kwa kasi nyingine. Sensa ya 1967 iliwahesabu wakazi wa Mwanza 34,861. Ya 2012 ilikuta watu 706,453 katika wilaya mbili za mji huo, Nyamagana na Ilemela, na ya 2022 ikapita 1,100,000. Katika miaka ya 1970 serikali na Benki ya Dunia ziliiingiza Mwanza, pamoja na Dar es Salaam na Mbeya, katika awamu ya kwanza ya mradi wa viwanja vilivyopimwa na kupelekewa huduma. Ulikuwa mpango mzuri, lakini viwanja havikuwahi kufikia idadi ya waliovitaka. Waliokosa wakapanda vilima: Mabatini, Igogo, Isamilo, Kilimahewa. Walijenga kwa akiba ya vibarua, ya biashara ya samaki, ya mama lishe. Chumba kimoja mwaka huu, cha pili Mungu akijalia. Watu wengi hulitazama hilo kama uvamizi. Ukweli ni kwamba hao ndio waliowapa makazi wafanyakazi wa viwanda vya minofu, wa soko na wa mwalo, kazi ambayo hakuna taasisi iliyoiweza.

Mwamba wa vilima hivyo, uliokuwa msingi wa nyumba, ukawa pia duka la vifaa. Kupata kokoto, jiwe kubwa linawashiwa moto wa kuni au matairi mabovu mpaka lipasuke, mapande yanaangushwa kwa nyundo kubwa, halafu kazi inapita kwa wapondaji, wengi wao wanawake. Mama anakaa chini ya kipande cha turubai, jiwe likiwa katikati ya miguu, anagonga kwa nyundo ndogo, anarundika, anasubiri lori. Vipande vya mawe vinaruka usoni, vumbi linaingia kifuani, na bei anaipanga mnunuzi. Zege nyingi iliyosimamisha nguzo na lenta za Mwanza imepita kwenye mikono hiyo, na mara chache sana mama huyo anatajwa panapozungumzwa sekta ya ujenzi.

Kilima kilichovuliwa miti na kupasuliwa mawe hakishiki maji. Mvua kubwa ikinyesha, udongo, mchanga na uchafu wa vyoo vinateremka hadi mto Mirongo, ambao unakatiza katikati ya mji na kuvimwaga ziwani. Mawe nayo yamewahi kuporomokea nyumba na kuua watu. Ziwa lina zamu yake pia: baada ya mvua za 1961 na 1962 lilipanda zaidi ya mita mbili na kufikia kilele mwaka 1964, kisha mwaka 2020 likarudi kwenye kimo kilekile na kuingia kwenye nyumba na mialo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wazee waliokumbuka maji ya 1964 hawakuhitaji sheria hiyo. Vijana waliouziwa kiwanja wakati wa maji madogo walikuwa wanaihitaji sana.

Sheria hiyohiyo inadai tathmini ya mazingira kwa miradi mikubwa. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu na lililozinduliwa Juni 2025, lina wahandisi, michoro na mkandarasi wa kuulizwa. Nyumba inayojengwa chumba kwa chumba haina. Ila ukijumlisha matofali, kokoto, mchanga na kuni za nyumba hizo zote, hapo ndipo ulipo ujenzi hasa wa Mwanza, na hapo ndipo juhudi za kuokoa miti na vilima zinapotakiwa kuelekezwa.

Vipo vya kuanzia. Katika sehemu zinazolima mpunga, wachomaji wengine wanatumia pumba badala ya magogo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi umetangaza kwa miaka mingi tofali la kufungamana, linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono kwa udongo na saruji kidogo, bila kuchomwa. Na juu ya vilima, ambako bomba kubwa la majitaka haliwezi kuzikwa kwa sababu ya mwamba, mamlaka ya maji MWAUWASA imelaza mabomba membamba yanayopita nyumba kwa nyumba kufuata mteremko. Mabomba hayo yanafanya kazi kwa sababu walioyabuni walikubali kwamba watu wa vilimani hawahami. Tofali la kufungamana halijapata bahati hiyo: mashine ni chache na fundi anayejua kulifyatua vizuri ni adimu, wakati tanuru la magogo linapatikana kila kijiji kuanzia Magu hadi Misungwi. Viwanja vipya vya Buswelu na Buhongwa vinaendelea kujengwa, na malori ya matofali mekundu yanaingia kila asubuhi.