Aishiye Peke Yake “Kinadharia”: Jina, Kodi na Mwanamke Mtu Mzima Mhamiaji kutoka Vilima vya Muyinga hadi Miji ya Burundi

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya mwanamke mtu mzima anayehamia mjini bila mume nchini Burundi. Inafuata majina aliyopewa katika lugha tatu: Kirundi cha kilimani, Kiswahili cha mtaani na Kifaransa cha ofisi ya kikoloni. Kiini chake ni kodi iliyotozwa wanawake wasio na waume mjini Usumbura na upinzani wa wanawake Waislamu wa Buyenzi katikati ya miaka ya 1950. Makala inadai kwamba ugomvi huo ulihusu jina sawasawa na ulivyohusu fedha. Aidha, inadai kwamba sera za leo za miji ya Gitega, Bujumbura na Muyinga zina hatari ya kurudia kosa lile lile la kumhesabu mwanamke huyu kwa jina asilolikubali.

1.0 Utangulizi

Mji wa Muyinga, kaskazini mashariki mwa Burundi, umekaa njia panda. Barabara moja inaelekea Kobero kwenye mpaka wa Tanzania. Nyingine inapita Karusi hadi Gitega. Ya tatu inapita Ngozi na Kayanza hadi Bujumbura. Historia ya walioondoka kwa njia hizo imeandikwa zaidi kwa sura ya mwanamume kijana: aliyevuka mpaka kwenda kukata mkonge Tanganyika kama manamba, au aliyetembea majuma kadhaa kwenda kulima pamba na kahawa Buganda ili apate fedha ya kodi. Mwanamke wa makamo, aliyefiwa au aliyeachika, ambaye alifunga mzigo wake na kwenda kupanga chumba mjini peke yake, amepata nafasi ndogo katika maandishi hayo. Anapojitokeza, aghalabu hujitokeza kama suala la maadili au kama kifungu cha mapato ya serikali.

Upungufu huo una uzito wa kisera. Tangu Januari 2019 Gitega ndiyo makao makuu ya kisiasa ya Burundi, huku Bujumbura ikibaki kitovu cha uchumi. Mageuzi ya kiutawala yaliyoanza kutekelezwa 2025 yamepunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na Muyinga imeunganishwa na Cankuzo na Ruyigi katika mkoa wa Buhumuza. Ofisi zinapohama, kazi na wapangaji huzifuata. Miongoni mwa wapangaji hao yumo mwanamke huyu, na kabla hajapangiwa sera ni vyema ifahamike aliitwaje huko nyuma.

2.0 Kilimani: Itongo na Mahali pa Mwanamke

Makazi ya jadi ya Burundi hayakuwa vijiji bali maboma yaliyotawanyika vilimani, kila moja katikati ya mashamba na migomba yake. Ardhi ya ukoo, itongo, ilirithiwa na watoto wa kiume. Binti aliweza kupewa igiseke, kipande cha kutumia katika uhai wake, lakini ardhi yenyewe ilibaki ya ukoo wa baba yake. Kanuni ya Watu na Familia ya 1993 haikuuondoa mfumo huu, kwa kuwa haikuweka utaratibu wa urithi wa ardhi. Mila ndiyo inayoendelea kuamua.

Msamiati wa Kirundi unaakisi mpangilio huo kwa usahihi. Umupfakazi, mjane, ni mwanamke anayebaki kwenye itongo la marehemu mumewe kwa idhini ya wanawe au mashemeji. Kitenzi kwahukana kinaeleza kitendo cha mke kuondoka kwa mumewe na kurejea kwao. Aliyefanya hivyo hukaa kwenye itongo la baba. Istilahi zote mbili zinamtaja mwanamke kwa uhusiano wake na kipande fulani cha ardhi: ama amebaki hapo, ama amerudi hapo. Hakuna kati yake inayomtaja aliyekwenda mahali pasipo na itongo kabisa.

Umri ndio unaoufanya mpangilio huu kuwa mgumu. Anayeachika angali kijana hurudi kwa wazazi walio hai na aghalabu huolewa tena. Anayeachika akiwa na miaka arobaini na kitu huwakuta wazazi wamekwisha kufa, kaka zake wamegawana shamba, na wake wa kaka wanalima mpaka kizingitini. Anavumiliwa, lakini nafasi yake inapungua kila mvulana anapooa. Njaa ya 1943–1944, iliyopewa jina Manori, na safari za wanaume ambao baadhi yao hawakurudi ziliongeza idadi ya wanawake wa hali hiyo. Tangu hapo shinikizo la ardhi limezidi: sensa ya 2008 ilihesabu watu 632,409 katika mkoa wa Muyinga pekee, wengi wao wakitegemea jembe.

Kwa hiyo, kuhama kwa mwanamke wa makamo hakuelezeki vizuri kwa hadithi iliyozoeleka ya taa za mjini zinazovuta. Mara nyingi alihama baada ya kumaliza kila nafasi ambayo kilima kilimpa.

3.0 Mjini: Chumba, Ua na Mtaa wa Waswahili

Usumbura ilianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Kukikaribia kituo hicho kulikaa askari, wapagazi na wafanyabiashara, wengi wakiwa na asili ya Ujiji, Manyema na pande nyingine za Tanganyika na Kongo. Chini ya utawala wa Kibelgiji makazi ya Waswahili yaliwekwa Buyenzi. Utafiti wa Geert Castryck (2006) kuhusu Waislamu wa Usumbura umeonyesha jinsi jamii hiyo ilivyoshikamana na pande zote za Ziwa Tanganyika. Muyinga na Gitega nazo zilikuwa na jamii zao za Waislamu wanaozungumza Kiswahili, zilizojengeka kuzunguka biashara.

Katika mazingira hayo, kuwa Mswahili kulitokana zaidi na dini, makazi na lugha kuliko nasaba. Mlango huo ulimfungukia mwanamke asiye na itongo. Kiswahili cha mtaani kilikuwa na majina yaliyomtosha: mjane, mtalaka. Majina haya hayamfungi mtu kwenye kipande cha ardhi; yanaeleza tukio katika maisha yake. Fikihi ililiwekea tukio hilo mipaka ya muda: mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, kisha huwa huru kupanga mambo yake. Ilimpa pia fungu la urithi, thumni ya mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha watoto, robo ikiwa hakuacha, na ilimtambua kama mmiliki wa mali yake mwenyewe. Mafungu hayo ni madogo kuliko ya mwanamume, lakini kwa mtu aliyetoka mahali ambapo fungu lake katika ardhi halikuwapo, tofauti ilikuwa kubwa.

Mpangilio wa nyumba za Kiswahili nao ulimfaa: vyumba kadhaa vinavyopangishwa kimoja kimoja, ua mmoja wa kupikia na kufulia, na mwenye nyumba anayewajua wapangaji wake kwa majina. Anayepanga chumba katika nyumba kama hiyo ana mlango wake na kufuli lake, lakini akiugua, jirani atajua kabla ya jua kutua. Historia ya Nairobi inatoa mfano wa kulinganisha. Janet Bujra (1975) na Luise White (1990) wameonyesha kwamba wanawake waliohama peke yao walikuwa miongoni mwa wamiliki wa nyumba wa mwanzo katika mitaa ya Pangani na Pumwani, na kwamba baadhi yao walisilimu na kuziacha nyumba zao kwa warithi waliowachagua.

4.0 Ofisini: Uzito wa Neno Moja

Ofisi ya kikoloni haikuwa na jina la mwanamke huyu, ikalitunga. Katika vituo vya mijini vilivyowekwa nje ya mamlaka ya kimila, vilivyoanzishwa Kongo ya Kibelgiji kwa amri ya 1931 na baadaye kuigwa Usumbura, mwanamke aliyeolewa hakutozwa kodi, kwa kuwa mumewe alihesabiwa kumlipia. Asiye na mume alitozwa. Nancy Rose Hunt (1991), ambaye uchunguzi wake ndio msingi wa sehemu hii, ameonyesha kwamba nyaraka za Kifaransa zilimwita femme vivant théoriquement seule: mwanamke anayeishi peke yake kinadharia.

Kielezi hicho, kinadharia, ndicho kinachostahili kuchunguzwa. Neno la kisheria hutarajiwa kuthibitisha jambo. Hili linathibitisha na kulitilia shaka kwa pumzi moja. Linasema kwamba mwanamke huyu hana mume katika daftari, na hapo hapo linadokeza kwamba nyuma ya mlango wake yupo mwanamume. Dokezo hilo lilielekea pande mbili. Upande wa kwanza ni umalaya. Wa pili ni ndoa ya wake wengi: baada ya amri ya 1950 dhidi ya ndoa hizo, maofisa walihofu kwamba mke wa pili angejiandikisha kama mwanamke asiye na mume, hali waliyoiona kuwa ndoa ya mitala iliyojificha. Mjane wa miaka hamsini anayeuza maandazi akawekwa fungu moja na wote hao. Serikali iliyomshuku kwa kuishi peke yake ilikuwa pia ikipata mapato kutokana na upweke huo huo.

Wakati huo huo, kituo cha ustawi cha Foyer Social, kilichofanya kazi Usumbura kuanzia 1946, kiliwafundisha wanawake ushonaji, upishi na utunzaji wa nyumba. Mwanafunzi wake aliyekusudiwa alikuwa mke wa mwanamume mwenye kazi. Kwa hiyo mji wa kikoloni ulikuwa na darasa kwa ajili ya mwanamke mwenye mume na kodi kwa ajili ya asiye naye.

Katikati ya miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa Buyenzi waliipinga kodi hiyo waziwazi. Malalamiko yao yalikuwa kwamba kuilipa ni kukubali kuitwa malaya. Walijua walivyo: wajane na watalaka, watu wenye majina yanayoheshimika mtaani. Stakabadhi ya kodi iliyafuta majina hayo na kuweka jingine. Ndiyo maana hoja ya kwamba kiwango kilikuwa kidogo au kikubwa haitoshi kueleza hasira yao. Kodi ya kichwa ilijulikana na kila mtu. Iliyokataliwa ni kodi iliyokuja na tafsiri ya maisha ya mlipaji.

Tukio hilo ni sehemu ya historia ya Kiswahili pia. Katika Kirundi cha kawaida, neno umuswahili limekuwa likibeba maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Mwanamke wa Buyenzi alibeba lawama mbili, ya Uswahili na ya upweke. Hata hivyo, ni katika lugha hiyo iliyodharauliwa ndipo alipopata maneno ya kujitetea, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na jina la heshima kwa hali yake.

5.0 Leo: Daftari la Kaya na Chumba cha Kupanga

Uhuru wa Julai 1962 uliuondoa utawala uliotunga jina lile, lakini shaka iliyokuwa ndani yake haikuhitaji mkoloni ili iendelee kuishi. Mei 2017 ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya kuadilisha jamii, na waliokuwa wakiishi pamoja bila ndoa walitakiwa kuihalalisha kabla ya mwaka kwisha. Katika miji, wakazi wa kila nyumba wameandikwa katika daftari la kaya linaloweza kukaguliwa. Hatua hizo zilikuwa na malengo yake ya utawala na usalama; hoja ya makala hii ni finyu zaidi. Daftari linalouliza kwanza nani ni mkuu wa kaya, na mume yuko wapi, humlazimisha mpangaji wa makamo kueleza kutokuwepo kwa mtu kabla ya kueleza kuwepo kwake mwenyewe.

Swali lenyewe hufika kwa lugha zaidi ya moja. Mwanamke kutoka Muyinga anayepanga chumba Gitega huzungumza Kirundi na mwenye nyumba, Kiswahili sokoni na kituo cha mabasi, na hukutana na fomu ya Kifaransa ofisini. Neno célibataire katika fomu hiyo humtaja kama msichana ambaye bado hajaolewa. Yeye ameolewa, amezaa, ameachika na pengine ana wajukuu. Akijibu ndiyo, takwimu zitamhesabu pamoja na wanafunzi wa chuo. Akisema ameolewa ili kuepuka macho ya watu, hatahesabiwa kabisa. Mipango ya nyumba, mikopo midogo na bima ya afya inayojengwa juu ya takwimu hizo itamkosa katika hali zote mbili.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Kisa cha Buyenzi kinaonyesha kwamba istilahi ya kiutawala ni tendo, na anayetendwa huielewa. Wanawake wale hawakuwa na shahada ya isimu, lakini walibaini kile ambacho kielezi kimoja cha Kifaransa kilikuwa kikiwafanyia. Kutokana na hilo, makala inapendekeza mambo matatu. Kwanza, fomu za kaya na za sensa zitenganishe mjane, mtalaka, aliyetengana na asiyewahi kuolewa, na zitumie istilahi zilizopimwa kwa pamoja katika Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Pili, swali kuhusu mkuu wa kaya litanguliwe na swali kuhusu nani analipa kodi ya nyumba, kwa kuwa hilo lina jibu la wazi lisilomhukumu mtu. Tatu, mjadala wa urithi wa ardhi uhesabiwe kuwa sehemu ya sera ya miji, maana chumba cha kupanga mjini na itongo lisilogawiwa kilimani ni ncha mbili za safari moja.

Wasimamizi wa Usumbura walikuwa na daftari, kiwango cha kodi na kielezi. Wangemuuliza mlipaji anaitwaje mtaani kwake, angewajibu kwa neno moja, na neno hilo lilikuwa tayari katika kamusi.