Saratani ya ini katika Kanda ya Ziwa

Saratani ya ini mwambao wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, hutokana hasa na maambukizi ya muda mrefu ya homa ya ini B. Homa ya ini C, pombe na sumukuvu ya mahindi na karanga huongeza hatari. Hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, jijini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Matibabu

Wagonjwa wengi hufika uvimbe ukiwa haukatiki tena, lakini kutokatika si mwisho wa tiba. Uvimbe huo hupata damu karibu yote kutoka ateri ya ini, ilhali ini lenyewe hupata takriban robo tatu ya damu yake kwa mshipa utokao utumboni. Kwa hiyo daktari hupitisha mrija mwembamba kuanzia kwenye kinena hadi kwenye ateri, humimina dawa ya saratani, doksorubisini, iliyochanganywa na mafuta maalumu, kisha huziba njia: dawa hubaki ndani ya uvimbe, nao hukosa damu. Majaribio mawili ya mwaka 2002, la Barcelona na la Hong Kong, yalithibitisha kwamba wagonjwa waliochaguliwa vizuri huishi muda mrefu zaidi. Baadhi ya vimbe husinyaa hata zikaweza kukatwa.

Hoja nzito dhidi ya tiba hii ni kichocho cha tumbo, kilichoenea visiwani na vijijini kando ya ziwa, kwa kuwa hukaza ini na kuvuruga mshipa huohuo wa utumbo. Ukiwa umeziba, kufunga ateri kunaweza kuliua ini. Hoja hiyo yadai upimaji makini wa mshipa kabla ya tiba, haikatazi tiba. Wengine husema fedha ziende kwenye chanjo. Chanjo ni ya lazima, lakini iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga nchini mwaka 2002, na saratani hii huchukua miongo kujitokeza. Watu wazima wenye virusi hawawezi kuokolewa na chanjo. Wanahitaji dawa za kudhibiti virusi na altrasaundi kila miezi sita, ili uvimbe uonekane ungali mdogo. Bila hilo, mrija na kisu vyote vitachelewa.

Hali ya sasa

Mafunzo ya tiba za mirija yalianza katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2018. Kanda ya Ziwa inastahili wataalamu wake.